Mawe ya Upande wa Nje

Teletehia alikuwa na miaka sitini na miwili, na kwa miaka ishirini na minne kila kitu kilichotoka katika ardhi ya ukoo wake kilipita kwanza kwenye mkeka wake. Nazi, mashelisheli, kaa wakubwa wa minazini, na zaidi ya yote pulaka, yale magimbi makubwa ya shimoni ambayo jani lake moja lamtosha mtoto kujikinga mvua. Wanaume wa ukoo walileta, wakaweka mkekani, wakakaa pembeni. Yeye akagawa. Nyumba hii tatu kwa sababu kuna mjamzito, ile mbili, na ile nyingine moja tu kwa sababu juzi walionekana wakiwamwagia nguruwe chakula cha watu. Hakuna aliyenung'unika, angalau si mbele yake.

Ndivyo tulivyo hapa Fakaofo, visiwa vyetu vidogo katikati ya bahari kuu. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, lakini jasho lake linabaki kuwa la dada yake. Kaka hupanda, huvua, hukwea. Dada hukaa na kugawa. Huyo anayekaa tunamwita fatupaepae, na neno lake kuhusu ardhi likishatoka limetoka. Kaka akiwa na lake la kusema, analimeza na mate. Mwanamume hambishii dada yake, hata dada akiwa amekosea waziwazi. Tumelelewa hivyo, na sijaona bado aliyefanya vingine akaendelea kutazamwa vizuri kanisani.

Kijiji chetu kimejibana kwenye kisiwa kimoja kidogo, nyumba kwa nyumba, hata ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Mashamba yako ng'ambo ya bahari ya ndani, kwenye visiwa vyembamba vilivyojipanga juu ya mwamba. Cha ukoo wa Teletehia kinaitwa Motu Lalo, nusu saa kwa boti. Upana wake, kutoka bahari ya ndani mpaka bahari ya nje, ni hatua mia mbili na kumi. Kelekolio, mdogo wake Teletehia, aliwahi kuzihesabu akiwa kijana hana kazi. Hakuna kilima, hakuna mto, hakuna udongo. Ni mchanga na matumbawe yaliyosagika, minazi, mikadi ya kusukia mikeka, na ndege wenye kelele.

Katikati ya hizo hatua mia mbili na kumi lilikuwa shimo.

Walilichimba watu ambao majina yao hata Teletehia hakuyajua, kwa magamba ya kasa na mikono mitupu. Walishuka mchangani mpaka maji matamu yakawafika kwenye vifundo vya miguu, wakaacha hapo hapo. Maji ya mvua yakinywea mchangani huelea juu ya maji ya chumvi, utando mwembamba tu, na mwenye tamaa akichimba zaidi anakuta bahari inamngoja. Kisha vizazi na vizazi vikatupa humo majani, makuti mabovu, mabaki ya samaki, kila kiozacho, mpaka kukawa na udongo mweusi. Ndio udongo mweusi pekee uliokuwa wetu upande ule. Teletehia alipokuwa msichana mama yake alimpa udongo huo aunuse kabla hajamruhusu kushika jembe.

Upande wa nje, baharini penyewe, lilisimama tuta la mawe. Mawe ya matumbawe, mengine ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, yamerundikana kumpita mtu mrefu. Hakuna aliyelijenga. Tufani moja baada ya nyingine ziliyang'oa mwambani na kuyatupa pale, miaka nenda miaka rudi. Watoto walikatazwa kulichezea, na wanawake hawakuwa na shughuli nalo.

Kelekolio alikuwa na miaka hamsini na saba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Watoto wake wote watatu walikuwa Porirua, kule Nyuzilandi, pamoja na nusu ya Fakaofo. Kila Jumapili baada ya ibada simu ililia. "Baba, mnakuja lini?" Naye akajibu lile lile: "Shimo bado linatulisha."

Akenete, mkewe, alikuwa anatamani sana kwenda. Mjukuu wake wa kwanza alimwona kwenye kioo cha simu tu. Siku moja alimwambia Teletehia kwa utani, "Wifi, siku shimo lako likifa nachinja nguruwe wawili. Mmoja wa kushangilia, mwingine wa njiani."

"Litakuzika wewe na hao nguruwe wako," Teletehia akamjibu, wakacheka mpaka machozi.

Lakini hakuwa anacheka moyoni. Alijua vizuri mambo yalivyo. Kaka yake akiondoka, wale wapwa wawili waliobaki, watoto wa marehemu mdogo wao wa kike, hawatakaa hata mwezi, na nyumba zitafungwa moja moja, na yeye atabaki na mkeka usio na kitu juu yake. Yeye mwenyewe hakuzaa, na mumewe alikwenda ng'ambo, Apia, kutibiwa sukari akazikwa huko huko. Kilichomshika Kelekolio kisiwani kilikuwa lile shimo, basi. Kila mara alipoweka pulaka mkekani, Teletehia aliitazama kwanza unene wake, kisha uso wa ndugu yake.

Ukaja mwaka wa pepo za magharibi. Siku tatu mfululizo upepo ulivuma kutoka upande ambao kwa kawaida hauna neno, ukaichafua bahari ya ndani, ukala ufuko wa Motu Lalo. Upepo ulipotulia Kelekolio na wapwa wakamvusha Teletehia akaone. Mama yao Teletehia na Kelekolio alikuwa amezikwa pale ufukoni, upande wa ndani, kwa ombi lake mwenyewe, alale karibu na shimo. Kaburi lilikuwa limesakafiwa saruji na kupambwa kokoto nyeupe. Sasa maji yalikuwa yamechimba chini yake, na pembe moja ya saruji ilining'inia hewani.

Teletehia akaziba mdomo kwa kiganja. Akakaa mchangani.

"Kele," akasema, "huyu si mama?"

"Ndiye, dada."

"Aende na maji, sisi tunatazama?"

"Hapana, dada."

"Basi tujenge ukuta. Kuanzia pale mkadi ulipoanguka mpaka kwenye ule mnazi. Unifike kiunoni."

"Sawa, dada. Mawe tutayatoa mwambani, maji yakipwa."

Teletehia alipiga hesabu yake. Mwambani ni mbali, na maji yanapopwa vizuri unapata saa mbili au tatu tu kwa siku, kisha unakimbia. Kazi hiyo ingechukua miezi miwili, na bamvua ya mwezi ujao, maji yanapojaa kupita kiasi, isingemsubiri mtu. Akageuka, akatazama ng'ambo ya shimo, kule kulikokuwa na mawe yamejaa tele, yamekaa bure tangu dunia ianze.

"Mwambani kufanya nini?" akasema. "Mawe si yale pale? Chukueni yale."

Kelekolio akalitazama tuta. Akajikuna shingo.

"Mawe yale, dada..."

"Yana nini?"

Wapwa wawili walikuwa wamesimama, mikono imening'inia, wanamngoja mjomba wao. Kelekolio akainamisha macho mchangani.

"Hayana kitu, dada," akasema. "Kesho tutaleta toroli."

Jamani, angemuuliza mara ya pili tu! Hakumuuliza. Maisha yake yote hakuwahi kuhitaji kuuliza jambo mara mbili.

Ukuta ulikwisha kwa siku kumi na moja. Ulikuwa mzuri, msiseme. Jiwe limekaa juu ya jiwe bila hata pengo la kupitisha kidole, kazi ya mikono ya Kelekolio huwezi kuikosea. Kaburi likajazwa mchanga chini, likakaa sawa. Teletehia akaalika watu, mchungaji akaomba, wakala nguruwe na pulaka zilizopikwa kwa tui.

Alikuwepo Levao pia, jirani yake, mjane mwenye mdomo usiojua breki. Akaupapasa ukuta kama anayenunua kitambaa.

"Mwenzangu, hapa ni pazuri kuliko nyumbani kwangu! Nikifa nizikeni hapa."

"Wewe ukifa tunakutupia papa."

"Watanirudisha. Nyama yote imeshakuwa kamba." Levao akacheka, kisha akanyoosha shingo kutazama ng'ambo ya shimo. "Ala! Mbona naiona bahari ya nje nikiwa hapa hapa? Zamani si tulikuwa tunaisikia tu?"

"Upepo unapita vizuri sasa," Teletehia akasema, na akaagiza watu waongezwe chakula.

Kelekolio alikuwa akila karibu, akasikia. Aliendelea kula.

Bamvua kubwa ilikuja mwezi wa pili. Wala haikuwa tufani. Jua lilikuwa kali, anga safi, hata jani halitikisiki. Huko mbali, tusikokujua, kulikuwa na dhoruba ya watu wengine, na mawimbi yake yakasafiri siku nyingi mpaka kwetu, yakakuta maji yamejaa kuliko siku zote za mwaka. Adhuhuri bahari ikaanza kupanda polepole bila haraka. Kijijini ikavuka ukuta wa nje, ikazunguka mazizi ya nguruwe. Watu wakawa wanakimbia na nguruwe mabegani, nguruwe wanapiga kelele, watoto wanashangilia. Teletehia alikuwa juu ya meza pamoja na mikeka yake mizuri, anamzomea Levao aliyekuwa ameng'ang'ania kuokoa sufuria.

Ghafla akageuka, akatazama ng'ambo ya bahari ya ndani.

"Nini tena?" Levao akauliza.

"Motu Lalo."

"Si umejenga ukuta?"

"Upande wa ndani," Teletehia akasema. "Nimejenga upande wa ndani."

Walipoweza kuvuka ilikuwa alasiri. Kelekolio alikuwa ametangulia na boti ya shemeji yake. Walimkuta amesimama ukingoni mwa shimo, amevua kofia. Palipokuwa na tuta palikuwa na uwazi, upana wa milango minne, na ndani ya uwazi ule bahari ilikuwa imepita ikaburura mchanga mweupe mpaka shimoni. Shimo lilikuwa limejaa pomoni, linametameta. Pulaka zilisimama humo mpaka shingoni, majani yake bado mabichi, manene, hayajajua lililoyapata. Samaki wadogo wenye mistari walikuwa wakipita katikati ya mashina.

Mpwa mmoja aliingia akaanza kuwakamata wale samaki kwa mikono na kuwatupa nje, kana kwamba wao ndio waliokuwa na kosa, mpaka Kelekolio akamwambia atoke.

Teletehia akaenda kuangalia kaburi. Hata kokoto moja haikuwa imesogea. Akaegemea ule ukuta mzuri, na hapo ndipo alipoelewa alichofanya, chote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, bila kujali nani anasikia.

Kesho yake ukoo mzima ulivuka. Watu kumi na tisa walijipanga mstari, ndoo mkono kwa mkono, kutoka shimoni mpaka ufukoni. Akenete alikuwa wa tatu kwenye mstari, na hakuna aliyefanya kazi kama yeye. Alichota mpaka mabega yakakataa kuinuka. Yule aliyekuwa achinje nguruwe wawili sasa alikuwa akichota huku machozi yanamtoka, na Teletehia alipomwona alishindwa kumtazama usoni. Siku ya tatu wakaazima pampu ya kijiji, na shimo likaanza kushuka. Wakafurahi. Teletehia akachovya kidole majini na kuonja, akatema. Siku ya nne akaonja tena. Yalikuwa yamezidi ukali.

Meli ilipokuja kutoka Apia ilimshusha msichana wa maji, wa idara, mtoto wa kisiwa jirani cha Atafu aliyesomea ng'ambo, amebeba chombo chenye kamba ndefu. Akakitumbukiza, akakisoma, akakitumbukiza tena mahali pengine.

"Shangazi," akamwambia Teletehia, "zimeni hiyo pampu."

"Tukizima si yatajaa?"

"Mnavuta yale matamu kidogo yaliyobaki. Na mkishayatoa, ya chini yanapanda kushika nafasi. Mnaifungulia bahari njia wenyewe."

Teletehia akamtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa tayari anazima pampu.

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Tungojee mvua, shangazi. Mvua nyingi, iyasukume chini."

"Nyingi kiasi gani?"

"Miaka miwili ya mvua nzuri. Labda mitatu."

"Na pulaka zitangoja miaka mitatu?"

Msichana akaanza kukunja kamba yake. Alikuwa mwenye adabu, hakutaka kusema uongo.

Mvua yenyewe haikuja. Mwaka ule ulikuwa mkavu kuliko tunavyokumbuka. Matangi ya kijiji yalifungwa kwa kufuli, kila nyumba ikawa inapimiwa ndoo mbili kwa siku, na mawingu yalipita juu yetu yakaenda kunyesha baharini, ambako hakuna aliyeyaomba. Majani ya pulaka yakageuka manjano kuanzia kingoni, kisha hudhurungi, kisha yakalala. Kelekolio na wapwa walirudisha mawe mangapi sijui kwenye ule uwazi, safari hii kutoka mwambani, saa mbili mbili, kila maji yalipopwa. Tuta likapata kimo cha goti. Mawe yaliyotupwa na bahari hushikana. Ya kupangwa na mtu yanasukumwa na wimbi la kwanza. Kila bamvua waliyakuta yametawanyika.

Teletehia hakutaka kukubali. Alichomoa machipukizi kumi na mawili yaliyokuwa bado na uhai, akayapanda nyumbani kwake ndani ya friji bovu lililolazwa chali, akalijaza majani na vichwa vya samaki. Akawa anayanywesha maji ya ndoo zake mbili.

"Umeoga lini wewe?" Levao akamuuliza.

"Kwani nanuka?"

"Unanuka kama hilo friji. Mwenzangu, maji ya kunywa unayapa majani?"

"Yanachipua, Levao. Njoo uone, hili lina jani la pili."

Levao akaja, akaona. Kesho yake alileta nusu ya ndoo yake mwenyewe, akaimimina ndani ya friji huku akilalamika.

Yalichipua kweli yote kumi na mawili. Mwezi mzima Teletehia alilala usingizi mzuri. Ikanyesha mvua moja kubwa, usiku na mchana, na yeye akaamua wakati umefika. Wakayavusha, Kelekolio akayapanda mahali palipoonekana pazuri zaidi, wakayafunika kwa makuti. Baada ya wiki tatu Teletehia alifunua makuti. Kulikuwa na vijiti kumi na viwili vyeusi. Akavichomoa kimoja kimoja, akavinusa mizizi, akaviweka pamoja juu ya jani, akavipakata safari nzima ya kurudi.

Mkekani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwanzoni Kelekolio alileta zile pulaka za mwisho, zilizong'olewa kabla hazijaoza zote, laini kama sabuni iliyolowa, chungu kidogo. Teletehia akazikata vipande, akagawa. Kisha zikaja nusu nusu. Kisha Jumamosi moja Kelekolio akaja na gunia la mchele wa dukani, akaliweka mkekani pale pale pulaka zilipokuwa zinawekwa, akakaa pembeni kama kawaida. Teletehia akachukua kikombe, akagawa mchele. Watu walikuja, wakapokea kwa adabu zote. Mke wa mpwa mkubwa akamwambia, bila ubaya wowote, "Mama mkubwa, usijisumbue na sisi wiki ijayo. Mchele tunao nyumbani." Teletehia akatikisa kichwa kukubali. Aliumia vibaya sana, na wiki iliyofuata hakutandika mkeka.

Kelekolio alikuja peke yake Jumapili, baada ya ibada, bado amevaa shati jeupe. Meli ilikuwa inangojewa Alhamisi. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, mbali kidogo, kama kaka anavyokaa mbele ya dada yake.

"Watoto wametuma tiketi," akasema. "Mbili."

"Nimesikia."

"Akenete hajafunga chochote. Nimemwambia asifunge kwanza."

Teletehia alikuwa anachambua majani ya mkadi ya kusuka. Akaendelea kuchambua.

"Kele, nataka kukuuliza kitu. Usinijibu kwa adabu, nijibu kweli." Akaweka majani chini. "Yale mawe. Ulijua?"

Kelekolio alitazama miguu yake.

"Nilijua, dada."

"Tangu siku ile?"

"Tangu mdogo. Baba alitupeleka sisi wavulana, akatuonyesha. Akasema lile tuta msiliguse, hata mkitaka jiwe la kupondea nazi."

"Mimi mbona hakunipeleka?"

"Kina dada hawaendi upande wa nje."

Ni kweli, hawaendi. Mwenye amri juu ya kisiwa kizima hakuwahi kusimama kwenye hatua zake hamsini za mwisho. Na mimi nakwambia, tuliishi na jambo hilo miaka yote, na hakuna kati yetu aliyeliona kuwa ni la ajabu.

"Na wewe?" Teletehia akasema, sauti ikapanda. "Wewe mbona hukuniambia? Neno moja tu, Kele! 'Dada, hapo unakosea.' Ulishindwa?"

"Wewe ni dada yangu," Kelekolio akasema, na kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Halafu akaongeza, polepole, "Nilianza. Ukaniuliza yana nini."

"Si ungesema yana nini!"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Teletehia alitamani kumpiga kofi, na papo hapo alitamani kumshika mikono ile mikubwa na kumwomba radhi. Hakufanya yote mawili, kwa sababu hayo nayo hayafanywi baina ya dada na kaka.

Kule kanisani watu wa kwaya walikuwa bado wanabishana nani alipotoa sauti.

"Niambie wewe," Kelekolio akasema mwishowe. "Ukisema nikae, nitakaa. Akenete atakwenda peke yake. Nitaendelea na mawe."

Na alikuwa anasema kweli. Teletehia alimwona mbele ya macho yake, mwaka huu na mwaka ujao na ule mwingine, akiinama mwambani maji yakipwa, akiweka jiwe, akilifuata lilikosukumwa, akiliweka tena, mpaka mgongo umkatike, mkewe yuko Porirua, wajukuu hawajui harufu yake. Yote hayo kwa neno lake moja. Na neno hilo alilitaka, tusidanganyane. Lilikuwa limeshafika ulimini. Kaa, Kele. Usiniache peke yangu na kaburi na ukuta.

"Nenda," akasema.

Halafu akamkazia macho na kungoja. Alikuwa anaomba kimoyomoyo, kwa nguvu zote, kuliko alivyowahi kuomba mvua: leo tu, mdogo wangu, leo nibishie. Sema hapana. Sema dada unakosea, mimi siendi.

Kelekolio akainamisha kichwa.

"Sawa, dada," akasema, akainuka, akaenda kumwambia mkewe afunge mizigo.